KONA YA BOMBA LA HEWA: CHORA KIPANDE KIMOJA VIZURI, LINDA MAPAFU YA WENGI

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba,

Ukurasa huu umezoea kusema nanyi juu ya malaria, maji safi, viatu na kofia za kazi. Leo utasema juu ya bati. Msishangae. Muganga ana dawa nyingi katika kabati lake, lakini hana dawa ya kurudisha mapafu yaliyokwisha kuharibiwa na vumbi la mawe. Kinga ya ugonjwa huo ni maji ya kuzuia vumbi na hewa safi, navyo lazima vifike mahali pa kazi kabla ugonjwa haujafika. Hewa hiyo inapita ndani ya bomba la bati, na bomba lina kona. Kona mbaya inakula hewa njiani.

Somo hili ni la fundi wa bati na mchoraji kwanza. Lakini mchimbaji na kapita wakilisoma watajua kutofautisha kona nzuri na kona mbaya. Na sehemu ya 9 ni ya jikoni.

1. KWA NINI MUGANGA ANASEMA JUU YA BOMBA

Dhahabu ya Ituri ilionekana mwaka 1903 upande wa Kilo, na kazi ya kuitoa ilianza mwaka 1905. Mwanzoni watu waliosha mchanga wa mito, juani, penye upepo. Baadaye kazi ikaingia ndani ya mwamba, kama katika mgodi wa Adidi kule Mongbwalu. Upande wa Durba, katika Haut-Uele, mgodi wa Kibali ulianza kutoa dhahabu mwaka 2013, na shimo lake la kushukia linapita mita 700 kwenda chini.

Mtoni upepo ni wa bure. Ndani ya mwamba upepo ni wa kutengenezwa. Njia inayochimbwa ina mlango mmoja tu; mbele ni ukuta wa jiwe. Hewa haiwezi kuingia yenyewe hata kufika kwenye ukuta ule. Kwa hiyo tunaweka feni kubwa mahali penye hewa safi, na bomba linaibeba hewa mpaka karibu na wale wanaotoboa jiwe.

Hewa hiyo ina kazi tatu.

Kwanza, inaondoa moshi wa baruti. Ndani ya moshi ule mna monoksidi ya kaboni, ambayo haina rangi wala harufu, na inaweza kumwangusha mtu kabla hajajua kuna nini. Mna pia dioksidi ya nitrojeni, ambayo inachoma mapafu, na ubaya wake unaweza kujionyesha saa nyingi baadaye, mtu akiwa amekwisha kurudi nyumbani.

Pili, inaondoa vumbi. Mawe yenye dhahabu mara nyingi yana kwatsi, na vumbi la kwatsi lina silika. Punje zinazoumiza ni zile ndogo sana, ambazo jicho haliwezi kuziona. Zinaingia mpaka mwisho wa mapafu, zinakaa humo, na mapafu yanafanya kovu. Huu ndio ugonjwa wa silikosisi. Hauponi. Tena mtu mwenye silikosisi anashikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko mwenziwe.

Tatu, inapunguza joto, ili mtu afanye kazi bila kuzimia.

Ukifahamu kazi hizi tatu, utafahamu kwa nini kona ya bati ni jambo la afya.

2. KONA INAKULA HEWA NAMNA GANI

Kona ya bomba, ambayo mafundi wengi wetu wanaiita kude, inaweza kutengenezwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni kukata mabomba mawili kwa mshazari na kuyaunganisha kama pembe ya sanduku. Kazi inakwisha upesi. Lakini hewa inagonga ukuta, inajizungusha pale pale, na nguvu ya feni inapotea.

Namna ya pili ni kugawa kona katika vipande vingi, vitatu, vinne au vitano, ili hewa igeuke kidogo kidogo. Tazama mwili wa nyoka anapopita kwenye jiwe: hakunjiki mahali pamoja, anageuka kwa pingili nyingi.

Majedwali ya mafundi wa hewa yanaonyesha tofauti. Kona kali ya digrii 90 inapoteza karibu mara 1,2 ya nguvu ya mwendo wa hewa. Kona ya vipande vitatu, yenye mzunguko wa upana mmoja na nusu wa bomba, inapoteza karibu 0,34. Ile ya vipande vitano inapoteza karibu 0,24 tu. Maana yake kona kali inakula mara tano zaidi.

Tuweke hesabu. Hewa ikipita kwa mwendo wa mita 15 kwa sekunde, kona kali moja inakula karibu paskali 160. Kona ya vipande vitano inakula karibu paskali 32. Kama njia ina kona nne, ya kwanza inakula karibu 650, ya pili karibu 130. Feni ni ile ile, umeme ni ule ule. Lakini katika njia ya kona kali hewa inayofika mbele ni kidogo, na wanaoumia ni wale walio mwisho wa bomba.

3. KOSA LINALOHARIBU KONA NYINGI

Fundi anataka kona ya digrii 90 yenye vipande vitano. Anagawa 90 kwa 5, anapata 18. Anavipa vipande vyote kipimo kimoja, anakata, anaunganisha. Kona inatoka digrii 72. Haifungi njia. Basi anachukua nyundo, anavuta, anapiga, na mwisho nyufa zinabaki kwenye maungio. Hewa inatoka kwenye nyufa hizo kabla ya kufika kazini.

Sababu ni hii: vipande vya mwisho, kile cha mwanzo na kile cha mwisho, vinakatwa mshazari upande mmoja tu. Upande wa pili ni mkato wa sawa, kwa sababu unaungana na bomba lililonyooka. Kwa hiyo kipande cha mwisho ni nusu ya kipande cha katikati.

Kanuni ni hii, iandike katika daftari lako:

Pembe ya mkato = pembe ya kona yote, gawa kwa (idadi ya vipande kutoa 1), kisha gawa kwa 2.

Kwa vipande vitano: 90 gawa kwa 4 ni 22,5. Gawa kwa 2 ni 11,25. Vipande vya mwisho vinabeba digrii 11,25 kila kimoja. Vipande vitatu vya katikati vinabeba digrii 22,5 kila kimoja. Jumlisha: 11,25 na 22,5 na 22,5 na 22,5 na 11,25. Ni 90 kamili. Nyundo haina kazi hapo.

4. NUSU KIPANDE NDIYO MAMA WA VYOTE

Hapa ndipo siri ya kazi yote. Usichore vipande vitano. Chora nusu kipande kimoja tu. Vingine vyote vinazaliwa kwake.

Tuchukue bomba lenye upana wa milimita 600. Kona inazunguka kitovu kilicho milimita 900 kutoka katikati ya bomba, yaani upana mmoja na nusu. Upande wa ndani wa kona tuuite tumbo. Upande wa nje tuuite mgongo. Tumbo liko milimita 600 kutoka kitovu, mgongo uko milimita 1200.

Kimo cha nusu kipande mahali popote ni umbali wa mahali pale kutoka kitovu, mara tanjenti ya pembe ya mkato. Tanjenti ya digrii 11,25 ni 0,1989. Tumboni tunapata milimita 119,3. Mgongoni tunapata 238,7.

Sasa tukunjue bomba liwe bati la kulala. Urefu wake ni upana mara 3,1416, yaani milimita 1885. Gawa urefu huo katika sehemu 12. Kutoka mstari hadi mstari ni milimita 157,1. Juu ya kila mstari pima kimo hiki:

Mstari 0, tumbo: 119,3
Mstari 1: 127,3
Mstari 2: 149,2
Mstari 3, ubavu: 179,0
Mstari 4: 208,9
Mstari 5: 230,7
Mstari 6, mgongo: 238,7

Kuanzia mstari 7 unarudi nyuma: 230,7, halafu 208,9, mpaka mstari 12 unapofika tena 119,3. Unganisha nukta kwa mstari laini wenye kupinda, si kwa vipande vya mstari wa rula. Hicho ni kiolezo chako, kama patroni ya fundi wa nguo. Kipande cha katikati ni kiolezo hicho hicho mara mbili, kimoja juu na kimoja chini, vimegusana upande ulionyooka. Tumbo lake ni 238,7 na mgongo wake ni 477,4.

Vipimo hivi ni vya mstari wa katikati ya unene wa bati. Kama 600 ni upana wa ndani na bati lina unene wa milimita 1, fanya hesabu ya urefu kwa 601. Tena ongeza nafasi ya kukunjia au ya kulalisha bati juu ya bati, kadiri ya namna ya kuunga unayotumia. Nafasi hiyo inaongezwa nje ya kiolezo, haikatwi ndani yake.

5. KUCHORA KWA KOMPYUTA BILA KUPOTEZA SIKU

Siku hizi karakana nyingi zina kompyuta, na vijana waliosoma ufundi wanachora humo umbo lenye pande tatu. Kuna programu za kununua kwa fedha nyingi. Kuna pia programu kama FreeCAD, ambayo haiuzwi, na ikikwisha kuwekwa ndani ya kompyuta inafanya kazi hata siku intaneti imekatika. Lakini programu haimfundishi mtu kufikiri. Wengi wanachora kila kipande peke yake, wanakibandika kwa macho, na kapita akibadili kipimo wanaanza upya. Fuata njia hii:

Kwanza, andika jedwali la vipimo kabla ya kuchora mstari wowote. Weka upana wa bomba, umbali wa kitovu, pembe ya kona, idadi ya vipande na unene wa bati. Pembe ya mkato usiiandike kwa mkono; iache kompyuta iipate kwa kanuni ya sehemu ya 3. Ukibadili upana kutoka 600 kuwa 500, mchoro wote unajirekebisha.

Pili, weka kitovu cha kona mahali mistari mikuu ya mchoro inapokutana. Chora duara la bomba katikati yake ikiwa umbali wa 900 kutoka kitovu. Acha ufa mwembamba katika duara, milimita 1 tu. Bila ufa, kompyuta haiwezi kukunjua bomba, kama vile wewe usivyoweza kukunjua mkebe usiokatwa.

Tatu, inua duara hilo liwe bomba, kimo kizidi kidogo mgongo wa nusu kipande. Kwa mfano wetu milimita 250 zinatosha. Kisha kata kwa ubapa unaopita kitovuni, ulioinama digrii 11,25. Umepata nusu kipande, ambacho ndicho kipande cha mwisho.

Nne, akisi nusu hiyo kama katika kioo, na kioo kiwe ule upande wake ulionyooka. Ziunge nusu mbili ziwe umbo moja. Umepata kipande cha katikati. Watu wengi wanaweka kioo kwenye upande wa mshazari. Hapo hupati kipande, unapata maungio ya vipande viwili.

Tano, zungusha nakala za kipande cha katikati kuzunguka kitovu. Ya kwanza ikae kwenye digrii 22,5, ya pili 45, ya tatu 67,5. Weka kipande cha mwisho mwanzoni na mwishoni. Kona imekamilika, nawe umechora kitu kimoja tu.

Sita, usijaribu kukunjua kona yote. Kunjua kipande kimoja cha mwisho na kipande kimoja cha katikati, kisha andika idadi: viwili na vitatu. Karatasi mbili zinatosha kwa fundi wa kukata.

Kama unachotaka ni kukata bati tu, hata umbo la pande tatu si lazima. Jedwali la vimo la sehemu ya 4 linatosha. Weka nukta 24 badala ya 12, na upitishe mstari laini. Umbo la pande tatu linafaa unapotaka kujua kama kona itapita kati ya mwamba, nyaya na bomba la maji.

Kabla ya kukata bati, chapa kiolezo kwenye karatasi kwa ukubwa wake wa kweli. Chora pembeni mstari wa milimita 100 na uupime kwa rula. Mashini za kuchapa hupenda kupunguza mchoro bila kusema.

6. KUPANGA VIPANDE BILA KUTUPA BATI

Chukua bomba moja lililonyooka, likate mshazari mara nne, kisha geuza kipande cha pili na cha nne nusu mzunguko. Utaona kona imejitokeza. Hii inatufundisha kwamba vipande vyote vinatoka katika bati moja la mstatili, tumbo la kimoja likikaa kwenye mgongo wa kingine.

Ukipanga kila kipande katika mstatili wake, unahitaji kimo cha milimita 1910. Ukivipanga tumbo kwa mgongo, unahitaji 1432 tu, pamoja na nafasi za kukunjia. Umeokoa robo nzima ya bati. Kama bati lako ni dogo kuliko hapo, gawa vipande katika mabati mawili kwa mpango ule ule.

Kuna faida nyingine. Mshono wa kipande kimoja utakuwa tumboni na wa kipande kinachofuata mgongoni. Mishono haifuatani katika mstari mmoja, na kona inakuwa imara. Katika kompyuta fanya vipande vya katikati vya namna mbili, ufa tumboni na ufa mgongoni.

7. KUFUNGA KONA MAHALI PAKE

Ncha inayoingia ndani ya mwenzake ielekee kule hewa inakokwenda. Ukiigeuza, hewa inagonga ukingo na kutoka nje.

Ziba maungio yote. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta ni mapafu ya mtu.

Kama nafasi ni ndogo na kitovu cha upana mmoja na nusu hakipatikani, tumia upana mmoja. Kona ya vipande vitano itapoteza karibu 0,33, bado ni nzuri kuliko kona kali.

Katika mabomba ya kuvuta vumbi kwenye mashini za kusaga mawe, mgongo wa kona unaliwa na mchanga. Weka bati nene zaidi, na upapase mgongo huo kila ukaguzi, mashini ikiwa imezimwa. Mwendo wa hewa usishuke sana humo, maana vumbi litalala ndani ya bomba na kuliziba.

Mchimbaji, wewe huna kalamu ya kuchora, lakini una macho. Ukiona kona iliyopondeka, maungio yaliyofunguka, au mfuko wa hewa uliokunjika, mwambie kapita kabla ya kuanza kutoboa. Baada ya baruti, usirudi mpaka muda uliowekwa umekwisha na mahali pamepimwa. Na maji ya kutobolea yasizimwe hata kama yanalowesha nguo.

8. AFYA YA FUNDI WA BATI MWENYEWE

Ukingo wa bati ni kisu. Vaa glavu za ngozi, na lainisha kingo kwa tupa kabla ya kumpa mwenzako kipande. Ukikatwa, osha jeraha kwa maji safi na sabuni, kisha njoo dispanseri tuangalie chanjo yako ya pepopunda. Usifunge kidonda kwa tambara la grisi.

Bati jeupe limepakwa zinki. Ukilichomelea, zinki inageuka moshi mweupe. Fundi akivuta moshi ule mchana, saa kadhaa baadaye anaweza kupata baridi, homa, maumivu ya viungo, kikohozi na ladha ya chuma mdomoni. Anasema, "Ni malaria." Anameza dawa za malaria, na kesho kutwa anapona, kwa sababu homa hii ya moshi huondoka yenyewe baada ya siku moja au mbili. Anaamini dawa imemponya, anarudi kuchomelea, na homa inarudi.

Usikisie. Njoo tupime damu, na useme wazi, "Jana nilichomelea bati la zinki." Neno hilo moja linatusaidia kuliko maelezo marefu. Na usiseme kinyume chake pia, kwamba kila homa ya fundi ni moshi. Malaria katika Ituri ni nyingi, nayo inaua. Kama pumzi inabana, njoo upesi, usingoje asubuhi. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Njia bora ni kukunja na kupiga ribiti badala ya kuchomelea. Ikibidi kuchomelea, ondoa zinki pembeni mwa mshono, fanya kazi penye upepo au penye bomba la kuvuta moshi, na kichwa chako kisiwe juu ya moshi.

9. KWA MAMA WA NYUMBA: KONA YA JIKO

Mambo haya haya yako jikoni. Moshi wa kuni unaumiza macho na kifua cha mama, na mtoto anayebebwa mgongoni anavuta moshi ule ule. Makala yakiwaka hayana moshi mwingi, lakini yanatoa monoksidi ya kaboni, ile ile ya baruti. Usilaze watoto katika chumba chenye jiko la makala hata kama usiku una baridi. Watu wamelala hivyo bila kuamka.

Kama mume wako ni fundi, mwombe atengeneze bomba la moshi. Lipande juu moja kwa moja ikiwezekana. Ikibidi liwe na kona, kona mbili za digrii 45 ni bora kuliko moja ya 90, na sehemu ya kati ipande juu, isilale. Karibu na moto tumia bati jeusi lisilo na zinki.

Kwa bomba la milimita 120, kitovu kikiwa 180, kona ya digrii 45 yenye vipande vitatu ina pembe ya mkato ile ile ya 11,25. Nusu kipande kina tumbo la milimita 23,9 na mgongo wa 47,7. Urefu wa bati ni milimita 377. Mtoto anayesoma hesabu anaweza kukichora kwenye karatasi ngumu Jumamosi moja. Na mara kwa mara bomba lisafishwe masizi, la sivyo moshi utarudi ndani.

10. JIPIME MWENYEWE

Bomba lina upana wa milimita 400. Kitovu kiko milimita 600. Kona ni ya digrii 90, vipande ni vinne. Funika majibu kwa mkono, kisha jibu:

a) Pembe ya mkato ni digrii ngapi?
b) Tumbo na mgongo wa nusu kipande ni milimita ngapi?
c) Urefu wa bati lililokunjuliwa ni kiasi gani?
d) Utakata vipande vya mwisho vingapi, na vya katikati vingapi?
e) Fundi ana homa jioni baada ya kuchomelea bati jeupe. Atamwambia muganga nini?

Majibu: a) 15. b) Tanjenti ni 0,268, tumbo 107,2 na mgongo 214,4. c) 1257, bila nafasi ya mshono. d) Viwili na viwili. e) Atasema amechomelea bati la zinki, na atakubali kupimwa damu ya malaria.

Ndugu fundi, ukikaa mbele ya kompyuta au mbele ya bati na chaki mkononi, kumbuka kwamba mwisho wa bomba lile kuna watu wanaongoja pumzi. Wao hawataona mchoro wako. Watakaoujua ni mapafu yao, baada ya miaka 10 au 20. Chora nusu kipande, kihakikishe, kisha kata.

Msaidizi wa muganga,
Ukurasa wa Usalama na Afya, Bunia